Ligi Kuu 2025/26: Nani watamaliza nne bora, na Pamba Jiji wasimame wapi?

Msimu uliopita tulikaa studio tukasema, tena kwa kujiamini, kwamba Kagera Sugar haitashuka daraja. Ni timu ya siku nyingi, tukasema, imeshazoea kuponea chupuchupu. Ikashuka. Wasikilizaji wetu wa Bukoba hawajatuacha tupumue hadi leo, na wana haki.

Kwa hiyo safari hii, kabla ya kutaja majina, tunaeleza kwanza tunavyofika kwenye utabiri wetu. Ukiona tumekosea, utajua tumekosea wapi.

Ligi inavyokwenda

Ligi Kuu Tanzania Bara ina timu 16. Kila timu inacheza mechi 30, nusu nyumbani na nusu ugenini. Ushindi ni pointi tatu, sare pointi moja. Timu mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja. Zinazomaliza nafasi ya 13 na 14 zinaingia kwenye mchujo, na inayopoteza huko hukutana na timu kutoka Ligi ya Championship.

Huku juu, zawadi kubwa ni tiketi ya Afrika. Kwa sasa Tanzania ina nafasi nne kwenye mashindano ya CAF: mbili Ligi ya Mabingwa na mbili Kombe la Shirikisho. Ndiyo maana siku hizi tunazungumzia "nne bora" na si bingwa peke yake. Kwa kawaida, anayemaliza wa nne naye anapanda ndege.

Tatu za juu tayari zinajulikana

Ligi hii ilianza mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo leo tunaiita Simba. Zamani taji lilitembea mikoani. Mseto ya Morogoro ililichukua 1975, Tukuyu Stars ya Mbeya 1986, Coastal Union ya Tanga 1988. Mtibwa Sugar ililichukua mara mbili mfululizo, 1999 na 2000.

Baada ya hapo mlango ukafungwa. Kuanzia 2001 hadi leo ni timu moja tu nje ya Simba na Yanga iliyowahi kuwa bingwa: Azam, msimu wa 2013/14, tena bila kupoteza mechi hata moja. Simba ilichukua mataji manne mfululizo kuanzia 2018 hadi 2021. Yanga ikajibu kwa manne yake kuanzia 2022 hadi 2025.

Tumepitia misimu saba, kuanzia 2018/19 hadi 2024/25. Misimu yote saba, nafasi tatu za juu zimekaliwa na Simba, Yanga na Azam. Kilichobadilika ni mpangilio tu. Msimu wa 2023/24, kwa mfano, Azam na Simba zilifungana kwa pointi 69, Azam ikawa ya pili kwa tofauti ya mabao. Coastal Union, iliyokuwa ya nne, ilikuwa na pointi 43. Pengo la pointi 26! Hiyo si ngazi tena, ni ukuta.

Kwa hiyo anayekuuzia "utabiri wa nne bora" kwa maneno mengi, ujue anatabiri nafasi moja tu.

Nafasi ya nne haina mwenyewe

Hapa ndipo ligi ilipo hai. Tazama walioishika kwa misimu hiyo saba:

- 2018/19: KMC
- 2019/20: Namungo
- 2020/21: Biashara United ya Mara
- 2021/22: Geita Gold
- 2022/23: Singida Big Stars
- 2023/24: Coastal Union
- 2024/25: Singida Black Stars

Majina saba, klabu saba. Usichanganywe na Singida: Big Stars na Black Stars ni klabu mbili tofauti. Black Stars ndiyo iliyokuwa Ihefu kule Mbarali, ile iliyokatisha mwendo wa Yanga wa mechi 49 bila kupoteza, Novemba 2022.

Katika misimu hiyo hakuna aliyeshika nafasi ya nne akaitetea msimu uliofuata. Na wawili kati yao ni wa kwetu, Kanda ya Ziwa.

Kilichowapata Biashara na Geita

Biashara United ilipomaliza ya nne, Musoma ilisherehekea kama imepata bandari mpya. Timu ikaingia Kombe la Shirikisho, ikaitoa Dikhil ya Djibouti, kisha ikaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 katika mechi ya kwanza. Mechi ya marudiano haikuchezwa, kwa sababu Biashara ilishindwa kusafiri kwenda Libya. Msimu ulipoisha, timu ilikuwa imeshuka daraja.

Geita Gold ilipanda 2021 na ikamaliza ya nne msimu wake wa kwanza, chini ya kocha Fred Felix Minziro. Mshambuliaji wake George Mpole alimaliza mfungaji bora kwa mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Mpole akaondoka kwenda Kongo. Miaka miwili baada ya kumaliza ya nne, Geita ikashuka pamoja na Mtibwa Sugar.

Hatusemi Afrika ndiyo iliyowashusha. Tunasema hivi: kufika nafasi ya nne kunahitaji kikosi cha kwanza kizuri, lakini kubaki pale kunahitaji kikosi cha pili.

Vipimo vyetu vinne

*Kwanza, benchi.* Usihesabu kumi na moja wanaoanza, hesabu wanaoingia dakika ya 65. Vigogo wanajaza nafasi zao za wachezaji wa kigeni, na anayekaa benchi Yanga angeanza karibu timu yoyote ya mkoani.

*Pili, fedha za uhakika.* Mwaka 2021 TFF na Azam Media walisaini mkataba wa haki za televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Mgawo huo umesaidia klabu ndogo kupumua, lakini mgawo peke yake haujengi kikosi. Angalia kama klabu ina kampuni, taasisi au mfadhili nyuma yake, na kama huyo mfadhili atakuwepo Machi, si Agosti tu.

*Tatu, safari.* Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Timu ya Dar inaweza kucheza mechi kadhaa "za ugenini" bila kutoka mjini. Timu ya Mwanza haina ugenini wa karibu msimu huu, na hilo tutalieleza hapa chini.

*Nne, utulivu wa kocha.* Kipimo hiki ni kigumu. Novemba 2024 Yanga ilifungwa 1-0 na Azam, kisha 3-1 na Tabora United, ikaachana na Miguel Gamondi. Ilibadilisha kocha tena kabla msimu haujaisha, na bado ikawa bingwa kwa pointi 82. Mwenye benchi nene anaweza kubadili nahodha katikati ya ziwa. Mwenye mtumbwi mdogo akijaribu hivyo, anazama.

Utabiri wetu

1. Yanga. Aziz Ki ameondoka, na timu iliuanza msimu chini ya kocha mpya, Mfaransa Romain Folz. Lakini timu iliyofunga msimu uliopita kwa kuifunga Simba 2-0, Juni 25, katika mechi iliyoamua ubingwa, haiporomoki kwa dirisha moja la usajili.

2. Simba. Ilimaliza pointi nne nyuma ya bingwa na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikapoteza mbele ya RS Berkane. Jean Charles Ahoua alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Tukikosea hapa juu, tutakosea kwa kuzibadilisha hizi mbili.

3. Azam. Imemleta Florent Ibenge, mtu aliyeifundisha timu ya taifa ya DR Kongo na kuipa Berkane Kombe la Shirikisho mwaka 2022. Azam haijawahi kukosa vifaa. Inachokosa ni kuzifunga timu ndogo kila wiki, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

4. Singida Black Stars. Ndiyo, tunakwenda kinyume na historia tuliyoieleza wenyewe. Sababu ni mbili: ina fedha, na ilimchukua Gamondi, aliyeijua ligi hii akiwa Yanga. Hofu yetu ni Afrika. Ni klabu inayoingia huko mara ya kwanza kwa jina hili, na tumeona Januari na Februari zinavyoitafuna timu yenye mechi za viporo.

Na Pamba Jiji je?

Msimu wa 2018/19 Kanda ya Ziwa ilikuwa na timu sita Ligi Kuu: Mbao na Alliance za hapa Mwanza, Biashara United, Kagera Sugar, Stand United na Mwadui za Shinyanga. Stand ikashuka 2019. Mbao na Alliance zikafuata 2020. Gwambina ya Misungwi ilipanda mwaka huo huo, ikashuka 2021 pamoja na Mwadui. Biashara 2022, Geita 2024, Kagera Sugar 2025.

Msimu huu imebaki moja: Pamba Jiji. TP Lindanda ilirudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka 23 nje. Ilianza kwa kusuasua chini ya Goran Kopunović, akaja Minziro, yule yule wa Geita, akaibakisha. Sasa timu iko mikononi mwa Francis Baraza, Mkenya aliyewahi kuzifundisha Biashara United na Kagera Sugar. Anajua baridi ya Bukoba na joto la Musoma, na anajua timu za huku zinavyochoka mzunguko wa pili.

Ndiyo maana tulisema haina ugenini wa karibu. Zamani ungepanda basi asubuhi kwenda Shinyanga au Musoma, ukacheza, ukarudi. Leo kila mechi ya ugenini ni safari ndefu.

Tunaiweka Pamba kati ya nafasi ya sita na ya kumi. Ikiwa na pointi 20 au zaidi mzunguko wa kwanza ukiisha, tutaanza kuizungumzia nafasi ya nne bila aibu.

Tunajua Kirumba inaweza kufanya nini. Mei 20, 2017, Mbao iliifunga Yanga 1-0 pale pale, na siku hiyo Yanga ikatwaa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu, zikiwa sawa na Simba kwa pointi 68. Na Mei 2018, Kagera Sugar iliifunga Simba 1-0 Dar es Salaam, mbele ya Rais Magufuli, siku Simba inakabidhiwa kombe, ikiwa haijapoteza mechi kabla ya hapo.

Neno la mwisho kwa wenye mikeka

Kila Ijumaa tunapigiwa simu na vijana wanaotaka "uhakika" wa mechi. Hatuna. Mechi moja ni bahati, kadi nyekundu, nyasi mbovu. Mechi 30 ndizo zinazosema ukweli. Utabiri huu ni wa mechi 30, usiuwekee ada ya mtoto Jumamosi.

Kama una fedha ya kuweka kwenye mpira, nunua tiketi ya Kirumba. Siku Pamba inapocheza nyumbani, mama wa mihogo, bodaboda na muuza maji wote wanarudi nyumbani na chochote. Timu ikishuka, wanaopoteza si mashabiki peke yao.

Januari tutaufungua tena ukurasa huu hewani na kusoma tulichoandika, hata pale tulipokosea. Wa Bukoba, simu zenu tutazipokea.