Debe Moja na Robo: Mgawo wa Maji Mjini Cape Town, 2018

Lugha yetu ina hazina ya maneno ya vipimo: kibaba, pishi, mtungi, debe. Katika hayo, debe ndilo lililozoeleka majumbani kupimia maji, nalo huchukua lita zipatazo 20. Kwa kipimo hicho twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mji wa Cape Town, Afrika Kusini, ambao mwanzoni mwa mwaka 2018 ulikaribia kufunga mabomba ya nyumbani.

Mvua za Cape Town hunyesha wakati wa baridi, katikati ya mwaka. Kiangazi chake, chenye jua kali na upepo mwingi, huanza Desemba na kuendelea hadi Machi. Kwa sababu hiyo mji huo huishi kwa akiba ya mabwawa makubwa sita, na moja tu kati ya hayo, Theewaterskloof, laweza kuchukua zaidi ya nusu ya maji yote. Kuanzia mwaka 2015 mvua zilikuwa haba kwa miaka mitatu mfululizo. Theewaterskloof likapungua hata sehemu yake kubwa ikawa mchanga mtupu.

Amri za serikali ya mji zilikuja ngazi kwa ngazi. Ilikatazwa kumwagilia bustani, kuosha magari na kujaza vidimbwi vya kuogelea kwa maji ya bomba. Kisha kila mtu akawekewa kima chake: lita 87 kwa siku mwaka 2017, na tangu tarehe 1 Februari 2018, lita 50, yaani madebe mawili na nusu kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua na kusafishia choo. Watu wakahimizwa waoge kwa dakika mbili tu, na maji ya kuogea wayakinge kwa ndoo ili yakamwagwe chooni. Kaya zilizozidisha zikafungiwa vifaa vya kupunguza maji. Zaidi ya hayo ikatangazwa kwamba akiba ya mabwawa ikishuka hadi asilimia 13.5, mabomba ya nyumbani yatafungwa, na watu watapanga foleni katika vituo vipatavyo 200, kila mmoja apate lita 25. Siku hiyo ikapewa jina la Siku ya Sifuri, na jina lenyewe likatia hofu.

Siku hiyo haikufika. Mwezi Februari 2018 wakulima wa Groenland walitoa lita bilioni 10 kutoka mabwawa yao. Wenyeji wa mji nao, waliokuwa wakitumia lita zipatazo milioni 1,200 kwa siku katika kiangazi cha 2015, walipunguza matumizi hadi chini ya nusu. Mvua za katikati ya mwaka 2018 zikaanza kuyajaza mabwawa. Kweli, haba na haba hujaza kibaba.

Hata hivyo, tuzitazame tena zile lita 25, debe moja na robo. Mwaka 2001 serikali ya Afrika Kusini iliweka sera ya maji ya bure: lita 6,000 kwa kaya kwa mwezi. Hesabu yake ilikuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, katika kaya ya watu wanane. Basi kiasi kilichowatisha wenye bustani na vidimbwi ndicho kilichokwisha kukadiriwa kuwa kinamtosha maskini. Katika vitongoji vya mabanda, kama vilivyomo Khayelitsha, watu walikuwa wakichota maji kwa ndoo kwenye mabomba ya pamoja kabla ya ukame, na vitongoji vya namna hiyo vyote kwa jumla havikutumia hata asilimia 5 ya maji ya mji.

Walimu wenzetu, neno mgawo limetokana na kitenzi gawa, na humo humo tunapata gawana, tendo la watu kutendeana. Tunapofundisha minyambuliko hiyo, tuwaagize wanafunzi wahesabu madebe yanayotumika kwao tangu alfajiri hadi usiku, waandike ni nani aliyeyateka, kutoka wapi, na kila mmoja alipata kiasi gani. Insha zao zitatuonyesha kama nyumbani kwao maji hugawanwa, au hugawiwa tu.