Mwajiri Kutoka Nje, Sheria ya Tanzania: Mwongozo wa Ajira na Malipo ya Mishahara Katika Miradi ya Kilwa na Lindi

Mkoa wa Lindi umekuwa kituo cha miradi inayotekelezwa na kampuni kutoka mataifa mbalimbali. Katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, gesi asilia iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004. Huko Kilwa Masoko, kazi ya kujenga bandari ya uvuvi ilikabidhiwa kampuni ya China Harbour Engineering, na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, aliweka jiwe la msingi Septemba 2023. Eneo la Likong'o, Manispaa ya Lindi, limetengwa kwa ajili ya mradi wa kusindika na kusafirisha gesi asilia, ambao makubaliano yake ya awali baina ya Serikali na kampuni za Equinor na Shell yalisainiwa Juni 2022.

Miradi ya aina hii huleta ajira, na ajira huleta maswali. Kampuni inaweza kuwa na makao yake makuu Ulaya au Asia, na mishahara ya watumishi wake ikakokotolewa huko huko. Hata hivyo, kazi inapofanyika Tanzania Bara, mkataba, saa za kazi, makato na haki za mwisho wa ajira husimamiwa na sheria za Tanzania. Makala haya yanaeleza sheria hizo zinadai nini kwa mwajiri na zinampa nini mfanyakazi.

Historia fupi ya ajira za wageni Lindi

Pwani hii imewahi kuajiriwa na wageni kabla ya Uhuru. Katika mashamba ya mkonge, likiwemo la Kikwetu karibu na mji wa Lindi, vibarua walifanya kazi kwa utaratibu wa kipande: kadi iliyowekwa alama kila siku ya kazi, na ujira kulipwa baada ya kutimia siku 30. Siku ambayo mnyapara hakuiandika haikuhesabiwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga uliofika hadi Nachingwea, ukaajiri maelfu ya watu na kuvunjika ndani ya miaka michache.

Mambo hayo mawili bado yana uzito. Kumbukumbu za kazi zikiwa mikononi mwa mwajiri peke yake, mfanyakazi hana cha kuonesha. Mradi nao ukifika mwisho, mfanyakazi hubaki na kile tu kilichoandikwa na kuwasilishwa kwa jina lake. Sheria za sasa zimeyazingatia yote mawili.

Kabla ya kuajiri

Kampuni ya nje inayofungua shughuli nchini husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ama kwa kuunda kampuni ya hapa nchini, ama kwa kusajili tawi. Hupata namba ya utambulisho wa mlipakodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), hujisajili katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na husajili mahali pa kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

Kwa mtumishi asiye raia, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inataka vibali viwili: kibali cha kazi kinachotolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Mwajiri hutakiwa kuonesha kuwa ujuzi anaouleta kutoka nje haupatikani kwa urahisi nchini, na kuwa na mpango wa kumrithisha Mtanzania nafasi hiyo. Katika sekta ya mafuta na gesi, Kanuni za Ushiriki wa Watanzania za mwaka 2017 zinamtaka mwekezaji kuwasilisha mpango wa ajira na mafunzo kwa Watanzania. Kwa shughuli za utafutaji na uzalishaji, usimamizi uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA).

Mkataba wa ajira

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mikataba ya aina tatu: mkataba usio na ukomo, mkataba wa muda maalumu kwa masharti yaliyowekwa, na mkataba wa kazi mahususi. Katika miradi ya ujenzi mkataba wa kazi mahususi hutumika mara nyingi, na ni muhimu kazi yenyewe ielezwe wazi. "Kumwaga zege la gati" ni kazi mahususi. "Kazi za mradi" ni maelezo yasiyomwonesha mfanyakazi ajira yake itakoma lini.

Mwajiri anawajibika kumpa mfanyakazi kwa maandishi jina, umri na anuani yake, mahali alikoajiriwa, aina ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali na saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa, pamoja na mafao mengine. Mfanyakazi asiyeyaelewa maandishi hayo ana haki ya kufafanuliwa kwa namna anayoielewa. Kumbukumbu hizo hutunzwa na mwajiri kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Endapo shauri litafunguliwa na mwajiri akashindwa kuleta mkataba au maelezo hayo, wajibu wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wa mwajiri, si wa mfanyakazi.

Maneno "mahali alikoajiriwa" hayapaswi kupuuzwa. Mtu aliyeajiriwa Nachingwea akapelekwa Kilwa Masoko, mkataba wake unapositishwa, ana haki ya kusafirishwa pamoja na mizigo yake hadi Nachingwea au kulipwa gharama za safari hiyo, na kupewa fedha za kujikimu katika siku anazosubiri usafiri.

Saa za kazi na likizo

Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, kwa siku zisizozidi 6 katika wiki. Kazi ya ziada hufanyika kwa makubaliano, isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki 4, na hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida wa saa. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5 ya ujira wa saa. Anayefanya kazi katika siku ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa mama aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja.

Kima cha chini cha mshahara

Mkataba hauwezi kushusha ujira chini ya kima kilichotangazwa na Serikali. Amri iliyotangazwa Oktoba 2025 na kuanza kutumika Januari 1, 2026 ilipandisha kima cha chini katika sekta binafsi kutoka wastani wa Shilingi 275,060 hadi Shilingi 358,322 kwa mwezi. Kila sekta ina kiwango chake. Mfanyakazi wa ujenzi, wa nishati na wa hoteli hutazama sehemu inayomhusu ndani ya Amri hiyo.

Makato halali na michango ya mwajiri

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haizidi asilimia 10. Inayobaki hutolewa na mwajiri. Kodi ya mapato ya ajira hukokotolewa baada ya kuondoa mchango huo wa mfanyakazi. Kwa mkazi wa Tanzania Bara, Shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Kiasi kinachozidi hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Hadi 760,000 asilimia 20. Hadi 1,000,000 asilimia 25. Na kinachozidi hapo asilimia 30.

Kuna malipo mengine mawili ambayo ni ya mwajiri peke yake na hayakatwi kwenye mshahara. La kwanza ni mchango wa WCF, ambao ni asilimia 0.5 ya mishahara. La pili ni Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, inayomhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, ambayo Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliishusha kutoka asilimia 4 hadi 3.5.

Mfano ufuatao unaonesha hesabu ya mfanyakazi wa Kilwa Masoko mwenye mshahara wa Shilingi 600,000 kwa mwezi, bila posho:

- Mchango wa NSSF wa mfanyakazi: 60,000
- Kiasi kinachotozwa kodi: 540,000
- Kodi: 24,000, yaani 20,000 kwa kiasi cha hadi 520,000, na 4,000 kwa Shilingi 20,000 zilizozidi
- Mshahara unaopokelewa mkononi: 516,000

Kwa upande wake, mwajiri huongeza Shilingi 60,000 za NSSF, 3,000 za WCF na 21,000 za tozo ya ufundi stadi. Gharama yake kamili ni Shilingi 684,000. Mfanyakazi huyo akifanya saa moja ya ziada, ujira wake wa kawaida wa takriban Shilingi 3,077 kwa saa hupanda hadi takriban Shilingi 4,615.

Kodi na tozo huwasilishwa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kuchelewa kwa idhini kutoka makao makuu yaliyo nje ya nchi hakusogezi tarehe hiyo mbele.

Makato mengine yanahitaji msingi wa kisheria au ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Mwajiri anayedai fidia ya kifaa kilichopotea au kuharibika hana budi kuthibitisha kwamba kosa ni la mfanyakazi na kumpa nafasi ya kujieleza. Makato hayo hayawezi kuzidi robo ya ujira.

Hati ya mshahara na uhakiki wa michango

Kila malipo huambatana na hati inayoonesha kipindi kinacholipiwa, kiasi cha ujira, na makato pamoja na sababu zake. Hata hivyo, hati inayoonesha kuwa Shilingi 60,000 zimekatwa haithibitishi kwamba fedha hizo zimefika NSSF. Uthibitisho huo hupatikana katika taarifa ya michango ya mwanachama.

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea. Michango isiyowasilishwa mkandarasi akiwa bado eneo la kazi inaweza kufuatiliwa kwa mhusika anayefahamika na mwenye ofisi. Ikigundulika baada ya mradi kufungwa, ufuatiliaji huwa mgumu, hasa pale mkandarasi mdogo aliyeajiri ameshaondoka mkoani. Kwa sababu hiyo, jina la mwajiri katika mkataba, katika hati ya mshahara na katika taarifa ya NSSF linapaswa kuwa moja. Likitofautiana, mfanyakazi aulize mapema ni nani hasa aliyemwajiri: kampuni kuu, mkandarasi mdogo au wakala.

Ajira inapokoma

Notisi ni siku 7 ajira ikikoma ndani ya mwezi wa kwanza. Baada ya hapo, ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mwajiri anaposimamisha ajira ya mtu aliyemtumikia miezi 12 au zaidi mfululizo, hulipa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kiinua mgongo hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Mfanyakazi hulipwa pia ujira wa siku alizofanya kazi na likizo ambayo hakuichukua, na hupewa cheti cha utumishi.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Maswali kuhusu mkataba na kima cha chini hupelekwa kwa Afisa Kazi wa Mkoa. Ajali au ugonjwa utokanao na kazi huarifiwa kwa mwajiri bila kuchelewa, ili taarifa ifikishwe WCF. Mgogoro usiomalizika kazini huwasilishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): ndani ya siku 30 kwa shauri la kuachishwa kazi isivyo halali, na ndani ya siku 60 kwa madai mengine. Anayechelewa hulazimika kwanza kuiomba Tume imwongezee muda na kueleza sababu zake.

Wananchi wanaoajiriwa katika miradi ya Kilwa na Lindi wanashauriwa kutunza nakala ya mkataba, hati za mshahara za kila mwezi na kumbukumbu zao wenyewe za saa za ziada, na kuhakiki michango yao NSSF wakati mradi ungali unaendelea. Waajiri wanakumbushwa kwamba viwango vya kodi na tozo vinaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, hivyo mifumo yao ya mishahara, popote ilipo, ihuishwe kila ifikapo Julai.