Kijapani kwa anayeanza: pigo na urefu wa irabu

Pigo ni kipimo cha muda katika matamshi ya Kijapani. Kwa kawaida, kila herufi ya hiragana, mfumo wenye herufi 46 za msingi, huwakilisha pigo moja.

Matumizi. Kiswahili humpa mwanafunzi pa kuanzia. Katika neno mtu, m ni silabi kamili. Vivyo hivyo, hon (kitabu) lina mapigo mawili: ho-n. Kata na kataa hutofautishwa na irabu iliyoongezwa. Ndivyo zilivyo obasan (shangazi) na obaasan (bibi). Anayefupisha irabu hiyo hakosei lafudhi tu, bali hutamka neno jingine.

Tahadhari. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kijapani hakina kanuni hiyo. Hutumia kupanda na kushuka kwa sauti. Katika lafudhi ya Tokyo, hashi inayoanza juu ni vijiti vya kulia. Inayoanza chini ikapanda ni daraja. Mwanafunzi wa Shishiyu, mkoani Simiyu, aliyekulia Kisukuma ana akiba ya ziada: lugha hiyo ina toni, tena hutofautisha irabu fupi na ndefu. Mwalimu anayemtaka aiache lugha ya nyumbani mlangoni humnyima sikio alilokwisha kulinoa.

Ushauri. Hiragana ijifunzwe mapema. Tahajia ya Kirumi mara nyingi huficha urefu: Tokyo huonekana kuwa na mapigo mawili, ilhali yanayotamkwa ni manne: to-o-kyo-o.