Mwenye Deni Katika Sharia ya Warumi wa Kale

Ndugu msomaji, Warumi wakitajwa fikra zetu hukimbilia majeshi na Makaisari. Leo tuwatazame walipokuwa bado ni watu wa mji mmoja tu kando ya mto Tiber, wengi wao wakulima, tuulize: mtu aliyekopa akashindwa kulipa alifanywaje?

Sharia yao zamani haikuandikwa. Walioijua ni makuhani na mabwana wa koo kubwa. Na mabwana hao ndio waliokuwa wakikopesha, na ndio waliokuwa wakihukumu. Mnyonge akishtakiwa atajitetea kwa sharia gani, naye haijui? Watu wakateta miaka mingi, hata mwaka 451 kabla ya Nabii Isa wakachaguliwa watu 10 waiandike. Ikatimia vibao 12, vikawekwa hadharani.

Basi sikiliza yaliyoandikwa. Deni likisha kuthibiti, ulipewa siku 30. Zikipita, mdai alikukamata akakupeleka kwa hakimu. Usipolipa wala asitokee wa kukudhamini, alikufunga kwa pingu za ratili 15, muda wa siku 60. Kama huna chakula chako, alikupa ratili moja ya nafaka kwa siku. Ukatolewa siku tatu za soko mfululizo, deni lako likatangazwa, huenda akapatikana wa kukukomboa. Asipopatikana, uliuawa au uliuzwa ng'ambo ya Tiber. Wadai wakiwa wengi, wakate mafungu! Wanavyuoni wamekhitalifiana: mafungu ya mwili au ya mali? Gellius, mwandishi wao wa karne ya 2, amemtaja mwanasharia aliyesema hajapata kusikia mtu aliyekatwa. Lakini maneno yalikuwapo, na kila mtu aliyajua.

Utasema, kuandikwa kulifaa nini basi? Kulifaa, kwani lililo wazi huweza kupingwa. Vibao vilikataza mabwana na raia kuoana. Katazo hilo likafutwa mwaka 445.

La deni lilichukua zaidi ya miaka 100. Asimulia Livy kwamba mwaka 326 kijana mmoja, Publilius, alijitia utumwani kwa deni la babake. Mdai akamtaka kwa uchafu. Kijana akakataa, akavuliwa nguo akapigwa mijeledi. Akatoka mbio njiani. Watu wakajaa mlangoni pa baraza, na kila mzee wa baraza aliyeingia walimwangukia miguuni, wakimwonyesha mgongo wa yule kijana. Ikapitishwa sharia kwamba deni lishike mali ya mdaiwa, si mwili wake, na waliofungwa wakafunguliwa.