Pointi Moja Tu: Twiga Stars na Miaka 15 ya Kuisaka

Tarehe 11 Julai 2025, mjini Oujda, Morocco, Twiga Stars ilitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini. Mtu anayepitia matokeo juu juu kwenye simu angesema sawa, sare, twende mbele. Ila hiyo sare si ya kupita hivihivi. Kabla ya mchezo ule, Tanzania haikuwahi kupata pointi hata moja kwenye fainali za Afrika za soka la wanawake. Sifuri. Na walionyang'anywa pointi hiyo ni Banyana Banyana, mabingwa wa Afrika wa 2022 na timu iliyofika hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia 2023.

Kilichotokea kati ya sifuri na moja ndiyo habari yenyewe, maana watu wengi wa mtandaoni wameijua Twiga Stars juzijuzi tu na wanadhani ilianza na kina Clara Luvanga.

Twende 2010. Mwaka ule Twiga Stars ilifuzu fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, zikachezwa Afrika Kusini kuanzia mwisho wa Oktoba. Kuipata picha vizuri, kumbuka hali ya kaka zao: Taifa Stars ilikuwa imecheza AFCON mara moja tu, mwaka 1980 kule Nigeria. Miaka 30 wanaume wanahangaika kurudi, wadada wakapita mlango wa pembeni wakaenda zao. Hakukuwa na msafara wa mashabiki, hakukuwa na mastaa wa bongo fleva wanaposti jezi.

Mechi ya kwanza walipangiwa wenyeji, Afrika Kusini, wakafungwa 2-1. Ya pili na Mali, wakafungwa 3-2. Ya tatu na Nigeria, ambao ndio waliobeba kombe mwaka huo, wakalala 3-0. Mechi tatu, pointi sifuri, begi mkononi, uwanja wa ndege.

Sasa hapo ndipo watu wanapoikosea heshima timu ile. Ukiiangalia kwenye jedwali utasema ilienda kutalii. Lakini mechi mbili kati ya tatu ilipoteza kwa tofauti ya bao moja, mojawapo dhidi ya mwenyeji mbele ya watu wake. Ilifunga mabao matatu. Timu ya 2025, yenye wachezaji wa kulipwa Ulaya na Uarabuni, ilifunga mawili katika mechi tatu. Kikosi cha 2010 hakikuwa kibovu hata kidogo. Kilichokosekana kilikuwa nyumbani.

Nyumbani hakukuwa na ligi. Tanzania ilipeleka timu fainali za Afrika bila kuwa na Ligi Kuu ya wanawake. Wachezaji walitoka kwenye timu za mitaani na za taasisi, nyingi za Dar es Salaam, Mburahati Queens ikiwa mojawapo. Wanakusanywa kambini mechi ikikaribia, wanafanya mazoezi, wanacheza, wanarudi makwao. Mechi ya mashindano inayofuata ni lini? Mungu anajua. Mchezaji wa kiume aliyekosea pasi Jumamosi anapata nafasi ya kujirekebisha Jumatano. Binti wa Twiga Stars aliyekosea pasi dhidi ya Mali alirudi nyumbani kusubiri.

Matokeo ya kusubiri huko yanaonekana kwenye rekodi, na yanauma. Kufuzu 2012: Ethiopia wakaitoa Tanzania, wakaenda fainali. 2014: Zambia wakaitoa, wakaenda fainali. 2016: Zimbabwe nao vivyo hivyo. 2018 ndiyo iliyouma kupita zote. Tanzania ilitoka 3-3 na Zambia hapa nyumbani, ikaenda Lusaka ikatoka 1-1. Haikufungwa mechi hata moja, ikatolewa kwa sheria ya mabao ya ugenini, na Zambia ikaenda zake fainali. Yaani kwa miaka minane Twiga Stars ilikuwa ngazi ambayo majirani wanaikanyaga kupanda juu. Zambia ile iliyopanda mara mbili kwa mgongo wa Tanzania ndiyo baadaye ikaja kucheza Olimpiki na Kombe la Dunia. Tofauti ya timu hizi mbili mwaka 2018, kwa hesabu ya uwanjani, ilikuwa nywele.

Halafu fainali za 2020 zikafutwa kwa sababu ya corona.

Lakini katikati ya mikosi hiyo kuna mwaka ambao haupewi heshima yake, nao ni 2016. Septemba mwaka ule CECAFA ilirudisha mashindano ya wanawake, kule Jinja, Uganda. Ilirudisha, maana yaliwahi kuchezwa mwaka 1986 huko Zanzibar na wenyeji wakalibeba kombe, kisha yakalala miaka 30. Ndiyo, Zanzibar, kisiwa ambacho mwaka 2007 kilitolewa filamu nzima, Zanzibar Soccer Queens, kuhusu wanawake wanaocheza mpira huku jamii ikiwatazama kwa jicho la pembeni. Ukoo wa mchezo huu hapa nchini ni mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Jinja, Kilimanjaro Queens (ndilo jina lililotumika kwa timu ya Bara kwenye CECAFA) wakaifunga Kenya 2-1 kwenye fainali. Ndoo ya kwanza. Na miezi michache baadaye, msimu wa 2016/17, Ligi Kuu ya Wanawake ikaanza. Bingwa wa kwanza hakuwa Simba wala Yanga. Alikuwa Mlandizi Queens, timu ya Mlandizi, mkoani Pwani. Wakubwa walikuwa hawajashtuka bado. JKT Queens wakachukua misimu miwili iliyofuata, kisha Simba Queens wakaingia kwa fujo wakabeba mitatu mfululizo, Yanga nao wakawa na Princess wao, na ghafla watu waliokuwa hawajui kama kuna ligi ya wanawake wakawa wanatukanana kuhusu dabi. Kwa Tanzania, kitu kikishaingia kwenye Usimba na Uyanga, kimefika.

Kombe la CECAFA wakalitetea Kigali, Julai 2018, wakiipiga Ethiopia 4-1 siku ya mwisho. Mwaka 2019 mashindano yakaja nyumbani, Chamazi, na kila mtu alikuwa ameshapiga hesabu za ndoo ya tatu mfululizo. Kenya wakaja wakashinda fainali 2-0, mabao yote mawili yakifungwa na binti mmoja, Jentrix Shikangwa. Chamazi ikawa kimya. Miaka michache mbele, Shikangwa huyohuyo akavaa jezi nyekundu ya Simba Queens na watu wakamshangilia kama si yeye aliyewaliza. Mpira bwana.

Ukiitazama ligi kwa kazi iliyofanya, unaelewa kwa nini matokeo yalianza kugeuka. Binti wa miaka 17 sasa anacheza kila wiki. Anakutana na beki mkubwa wa JKT anayemgonga bila huruma, anakutana na mchezaji wa kigeni, anazomewa, anafunga, anakosa, wiki ijayo anarudi tena. Mwaka 2022 Simba Queens ilifika hadi nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake, ikamaliza ya nne. Na milango ya nje ikafunguka: Aisha Masaka akatoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Sweden, kisha Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga akaenda Al Nassr ya Saudia.

Kuna jambo lingine la kusema hapa, japo wengi wanapenda lipite kimya. Miaka yote hii mabinti hawa walikuwa wanacheza mechi mbili kwa wakati mmoja, ya uwanjani na ya mdomoni kwa watu. Jikedume. Huyu nani atamuoa. Mama zao walisikia hayo sokoni, kaka zao waliyasikia kijiweni. Agosti 2021 maneno ya aina hiyo yakasikika kutoka mahali pakubwa kuliko pote, Ikulu, kwenye hafla ya kuipongeza timu ya vijana wa kiume. Ilisemwa kwamba baadhi ya wachezaji wa kike wana vifua flati kiasi kwamba ukiwatazama unaweza kudhani ni wanaume, na kwamba ndoa kwao imekuwa ngumu. Kwa haki, hotuba ile ilikuwa inauliza pia wanamichezo hao wataishije miguu ikichoka, swali ambalo ni la maana kweli. Lakini kilichobaki vichwani mwa watu, na kilichozunguka hadi vyombo vya habari vya nje, ni vifua.

Siku 48 baadaye, tarehe 9 Oktoba 2021, Twiga Stars ilikuwa Afrika Kusini ikicheza fainali ya COSAFA. Ilialikwa tu, kwa sababu Tanzania si mwanachama wa ukanda ule kwenye soka. Mgeni mwalikwa akamtoa Zambia (eeh, Zambia ileile) kwa penalti kwenye nusu fainali, kisha akamfunga Malawi 1-0 fainali na kubeba kombe la wenyewe. Hakuna aliyetoa tamko la kujibu maneno ya Agosti. Picha za kombe zilitosha.

Ingekuwa filamu, ingeishia pale. Oktoba hiyohiyo wakakutana na Namibia kwenye kufuzu WAFCON ya 2022, wakatolewa. Timu ilikuwa bado haijajifunza kumaliza kazi kwenye mechi mbili za nyumbani na ugenini, na hilo ni somo tofauti kabisa na mashindano ya wiki mbili.

Mwaka uliofuata wadogo zao wakaonyesha njia. Serengeti Girls, timu ya chini ya miaka 17, ikawa timu ya kwanza ya Tanzania, ya kike au ya kiume, kucheza Kombe la Dunia la FIFA la umri wowote. India, Oktoba 2022. Wakaanza kwa kupigwa nne na Japani, na mtandaoni watu wakaanza vichekesho. Mechi iliyofuata wakaifunga Ufaransa 2-1. Ufaransa! Wakatoka 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Colombia 3-0. Watoto wa shule, wamerudi wakiwa miongoni mwa timu nane bora za dunia.

Ndipo ikaja 2023. Septemba, Twiga Stars ikaenda Ivory Coast, timu iliyowahi kucheza Kombe la Dunia 2015, ikafungwa 2-0. Kwa historia iliyosimuliwa hapo juu, unajua kinachofuata, si ndiyo? Hapana. Marudiano Chamazi wakarudisha zote mbili, wakashinda kwa penalti. Raundi ya mwisho wakaifunga Togo 3-0 nyumbani, wakaenda Lomé wakafungwa 2-0 na wakavuka kwa jumla ya 3-2, mashabiki wakiwa na presha juu. Miaka 13 baada ya mara ya kwanza, wamerudi fainali. Hata hapo wakalazimika kusubiri tena, maana WAFCON ya 2024 ilisogezwa hadi Julai 2025. Angalau Juni, wakati wa kusubiri, walichukua CECAFA nyumbani kwa kuifunga Kenya 1-0. Deni la Chamazi limelipwa.

Na droo ya makundi ilivyotoka, ungedhani kuna mtu anatania. Mali. Afrika Kusini. Ghana. Timu mbili kati ya tatu zilezile za 2010.

Mali wakashinda 1-0. Halafu tarehe 11, dakika ya 24, Opa Clement akaifungia Tanzania. Kuanzia hapo ilikuwa ni kuhesabu dakika. Mapumziko wakaenda wakiongoza mbele ya mabingwa watetezi. Banyana wakasawazisha dakika ya 70, na kila aliyekuwa akitazama akiwa na kumbukumbu ya 2010 alijua filamu hii inakoelekea: bao la pili, 2-1, kama ilivyokuwa. Dakika ishirini na zaidi wakashambulia. Bao halikuja. Filimbi ikalia, ubao ukisoma 1-1.

Siku tatu baadaye Ghana wakawapiga 4-1 na safari ikaisha. Kwa hiyo rekodi kamili ya Tanzania kwenye fainali hizo mbili inasomeka hivi: mechi sita, ushindi sifuri, sare moja, vipigo vitano, mabao matano ya kufunga, 14 ya kufungwa. Wapo waliocheza mwaka 2010 ambao leo ni makocha, wapo wenye watoto wanaokimbia, na wapo ambao ukipishana nao kwenye daladala hutajua kwamba waliwahi kumsumbua mwenyeji wa fainali za Afrika hadi dakika ya mwisho. Mabao matatu kati ya yale matano ni ya kwao.