Mamba wa Uganda na Utafiti wa Hugh Cott

Katika Uganda ya miaka ya 1940 na 1950, mamba alikuwa na watetezi wachache. Serikali ya kikoloni ilimhesabu miongoni mwa wanyama waharibifu. Wavuvi walimlaumu kwa kurarua nyavu na kumaliza samaki. Wafanyabiashara nao waliitaka ngozi ya tumbo lake, ambayo Ulaya ilitengenezwa mikoba na viatu vya bei ghali. Wawindaji walitoka usiku na taa, kwa kuwa macho ya mamba yakimulikwa hung'aa, na kumlenga huwa rahisi. Insha hii inaeleza jinsi utafiti wa mwanasayansi mmoja ulivyoyapima mashtaka hayo, na kwa nini historia hiyo bado inatuhusu.

Mwanasayansi huyo ni Hugh Cott, Mwingereza wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Kabla ya hapo alijulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1940 kuhusu rangi zinazowaficha wanyama, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alilifundisha jeshi la Uingereza mbinu za kujificha. Katika miaka ya 1950 alifanya utafiti kuhusu mamba nchini Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Matokeo yake yalichapishwa London mwaka 1961.

Njia yake ya kwanza ilikuwa kupasua matumbo ya mamba waliouawa. Alichunguza zaidi ya mamba 500 na kuandika kila alichokikuta ndani. Ilibainika kwamba chakula cha mamba hubadilika kadiri anavyokua. Mamba mdogo hula zaidi wadudu, na pia kaa, konokono na vyura. Wa umri wa kati hutegemea sana samaki. Mamba wakubwa ndio wanaokamata wanyama wa nchi kavu. Hata miongoni mwa samaki walioliwa walikuwemo kambare na kamongo, ambao wenyewe hula samaki wengine. Kwa hiyo shtaka kwamba mamba wote ni maadui wa uvuvi halikusimama. Ni kweli kwamba ushahidi huu ulitoka kwa mamba waliokufa: biashara iliyokuwa ikiwamaliza ndiyo iliyompa mtafiti matumbo ya kuchunguza.

Njia ya pili ilihitaji mamba walio hai. Cott aliwatazama kwenye Mto Nile chini ya Maporomoko ya Murchison, eneo lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1952. Huko mamba jike huchimba shimo kwenye mchanga, hutaga mayai 50 hadi 60 hivi, kisha hulilinda kwa takriban miezi 3. Kenge na nyani huvizia karibu. Mama akiondoka hata kwa muda mfupi, mayai huchimbuliwa na kuliwa.

Hapo ndipo Cott alipoona hatari mpya. Mwaka 1969 aliandika makala katika jarida la Oryx kuhusu watalii na mamba wa Uganda. Boti za watalii zilisogea karibu na kingo ili wageni wapige picha, mamba mama wakaingia majini kwa woga, na kenge wakapata nafasi. Mnyama aliyekuwa amelindwa dhidi ya bunduki alikuwa akipoteza watoto kwa sababu ya watu waliompenda. Kwa kuwa mamba huchukua zaidi ya miaka 10 kufikia umri wa kuzaa, hasara ya namna hiyo haionekani mapema.

Mwaka 1975 mkataba wa CITES ulianza kutumika, na mamba wa Nile akawekwa katika orodha yenye ulinzi mkali zaidi wa kibiashara. Hata hivyo, kesi yake haijaisha. Kando ya Ziwa Viktoria mamba bado huua wavuvi na watu wanaoteka maji, na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda imewahi kuwakamata baadhi yao na kuwahamishia Murchison. Hesabu ya matumbo inajibu shtaka la samaki, lakini haimlindi mama anayeteka maji ziwani kwa sababu kijiji chake hakina bomba.

Kwa kuhitimisha, utafiti wa Cott unatufunza kwamba hukumu dhidi ya mamba ilitolewa kabla ya ushahidi kukusanywa. Sisi tunaosoma historia hii tusirudie kosa hilo kwa upande wa pili, kwa kumtetea mamba bila kuwasikiliza wanaoishi naye. Bomba la maji kijijini ni sehemu ya uhifadhi kama ilivyo sheria ya kuzuia boti zisikaribie viota.