Alama za Mtihani na Ushuhuda wa Kazi: Uteuzi wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu katika Pande Mbili za Nchi ya Wakuria

Kegonga, iliyomo sasa katika Kaunti ya Migori, ni mji wa Wakuria karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Ng'ambo ya mpaka huo, katika Tarime, wanaishi Wakuria wengine wasemao lugha ile ile. Baada ya kuundwa Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki mwaka 1967, vijana wa pande zote mbili waliwekwa chini ya mtahini mmoja. Tanzania ilijitoa katika Baraza hilo mwaka 1971, ikaunda Baraza lake mwaka 1973. Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi lilikuja kwa Azimio la Musoma la Novemba 1974.

Katika Azimio hilo, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU iliamua kwamba kufaulu Kidato cha Sita peke yake kusitoshe kumwingiza mtu Chuo Kikuu. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa, mhitimu alitakiwa afanye kazi angalau miaka miwili, kisha apendekezwe na mwajiri na chama. Hoja yake ilikwisha kuelezwa katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967: mtihani hupima kumbukumbu ya mambo yaliyosomwa, haupimi tabia wala moyo wa kutumikia. Kenya, kwa upande wake, iliendelea kuamua kwa alama. Hivyo vijana wawili wa kabila moja, mmoja wa Kegonga na mwingine wa Tarime, walipimwa kwa mizani mbili.

Kila mizani ilikuwa na ubora na kasoro zake. Mtahini hamjui mtahiniwa, wala hajui baba yake ni nani. Hiyo ndiyo haki ya mtihani. Lakini katika nchi zote mbili mitihani mingi ya sekondari iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo alama za historia au za jiografia zilikuwa pia alama za Kiingereza. Ushuhuda wa kazi ulileta hukumu ya watu waliomwona kijana akitenda, na chama kiliendesha shughuli zake kwa Kiswahili. Lakini aandikaye ushuhuda anamjua anayemwandikia: aweza kumpendelea, aweza kumkomoa, na mnyonge hana pa kukata rufani.

Kasoro nyingine haikutazamiwa. Miaka ya kungoja iliangukia umri wa kuolewa na kuzaa, na idadi ya wanawake walioingia Chuo Kikuu ikapungua. Kabla ya miaka ya 1970 kwisha, ilibidi waruhusiwe tena kuingia moja kwa moja. Sharti lililokuwa sawa kwa wote katika maandishi halikuwa sawa katika maisha.

Historia hii inazihusu idara zinazoteua watahiniwa wa shahada ya udaktari. Daraja la shahada ya kwanza ni mtihani kwa jina jingine, na barua ya mwalimu ni ushuhuda kwa jina jingine. Mtafiti wa Igikuria aliyepata daraja la pili lakini amekusanya masimulizi ya wazee kwa miaka kadhaa hataonekana katika alama zake. Huenda asionekane hata katika barua, ikiwa mwalimu wake hakupata kuisoma kazi hiyo. Funzo la Musoma ni kwamba kuongeza kigezo cha pili hakuondoi dhuluma ya kile cha kwanza, ila vyote viwili vichunguzwe kwa swali moja: nani anaachwa nje, na kwa sababu gani? Na kwa mtafiti wa namna hiyo, kazi yenyewe haina budi kusomwa.